Namba ya Shangazi Imepanda

Jumanne, tarehe 1 mwezi wa nne

Hanga ya waya ilipopinda ndipo Shangazi akaacha kunipiga. Mwalimu mwenye shati alikuwa bado amesimama kaunta, anaangalia viatu vyake. Kola ilikuwa na alama ya pasi, ndogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Shangazi akamwambia, "Samahani, mwalimu. Huyu nilipewa bure, na cha bure ndivyo kilivyo."

Daftari hili alilitoa nesi wa kliniki wiki iliyopita. Shangazi alikatwa rovu mwaka juzi, tezi yote ya shingoni ikatolewa, na sasa anaishi kwa kidonge. Kimoja kila siku mpaka atakapozikwa, ndivyo walivyomwambia. Nesi anataka mtu wa nyumbani aandike kila siku kidonge kimenywewa saa ngapi, moyo unapiga mara ngapi kwa dakika, na mgonjwa yukoje. Binamu, mtoto wake wa kumzaa, akasema kaunta inamtosha. Shangazi akasema, "Mpe Bubu. Ulimi hana, labda vidole anavyo."

Bubu ni mimi. Naweza kusema, ila watu wakiniangalia maneno yanarudi tumboni. Nimefika darasa la tano. Kwenye dobi hii napiga pasi na kuandika tiketi za nguo, kwa hiyo namba nazijua.

Kidonge: saa moja asubuhi, na chai ya maziwa, pamoja na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu. Mapigo: 64. Mgonjwa: mkali.

Jumatano, tarehe 2

Mvua imeanza. Mashuka ya nyumba ya wageni yako kwenye kamba za ndani, tunapita chini yake tumeinama. Mapigo 66. Mkali.

Jumapili, tarehe 6

Leo Shangazi alikuwa na wateja wengi waliokwama kwa mvua, akawachangamsha kwa habari zangu. "Mama yake alimleta hapa mlangoni na mfuko wa nailoni, akasema anaenda chooni mara moja. Mpaka leo yuko chooni!"

Wakacheka. Redio, yule mzee anayefua, tunamwita hivyo kwa sababu hazimiki, alicheka mpaka akaangusha ndoo.

Nilikuwa na miaka tisa. Na mfuko haukuwa wa nailoni, ulikuwa wa kaki.

Mapigo 62. Nahesabu kwa saa ya ukutani, dakika nzima nimeshika mkono ule ule unaonipiga. Ni mkono mkavu, ngozi kama gunia.

Jumatatu, tarehe 14

Ametolewa damu kliniki. Mchana amevaa sweta mbili na bado anasema baridi. Wanga wa kola umemwagika nikajiandaa kupigwa. Aliniangalia tu. Mapigo 58. Mkali kidogo.

Alhamisi, tarehe 17

Leo nilisoma na watu wakanyamaza.

Tulienda mimi na Binamu kuchukua majibu. Daktari wa tezi huja mara moja kwa miezi miwili, na nesi hakuwepo, kwa hiyo tulipewa karatasi dirishani kama tiketi ya nguo. Tulipofika nyumbani Binamu akasema herufi zimekaa vibaya. Shangazi akasema, "Bubu, soma."

Karatasi ina mistari miwili. Wa juu una herufi tatu, TSH, halafu 41, na mshale unaotazama juu. Pembeni wameandika kawaida ni 0.4 mpaka 4. Mstari wa chini una namba ndogo, na mshale wake unatazama chini.

Nikasema, "Imepanda. Imezidi kawaida mara kumi." Sauti ilitoka yenyewe. Hata Redio aliacha kukamua.

"Si nilisema?" Binamu akadakia. "Dawa zimemjaa. Mwone alivyovimba uso! Ni dawa hiyo, imekosa pa kwenda."

"Ni kama tangi," Redio akasema. "Likijaa unafunga koki. Usipofunga unaogelea."

Nikauliza, "Na huu wa chini?"

"Huo si mdogo?" Binamu akasema. "Mtu anauawa na kikubwa, bwana. Nani kauawa na kidogo?"

Shangazi aliikunja karatasi mapajani. Halafu akakata shauri mwenyewe. "Kitu kikizidi unakipunguza. Hata chumvi. Kuanzia kesho nusu kidonge. Leo nakunywa, kesho naacha. Bubu utakata, wewe ndiye mwenye jicho."

Mwenye jicho. Hajawahi kunipa jina lingine zaidi ya hilo la siku zote. Nimelala na furaha kama mjinga.

Ijumaa, tarehe 18

Nimekata kwa wembe. Nusu moja ilipasuka, nikaiokota kwa ncha ya kidole. Nusu kidonge, saa moja, na chai ya maziwa. Mapigo 58.

Ijumaa, tarehe 25

Siku ya kuacha. Mvua. Analala kwenye kiti cha kaunta mdomo wazi. Amekuwa na sauti nzito, mteja kwenye simu alimwita mzee. Mapigo 56. Mgonjwa: mpole.

Alhamisi, tarehe 1 mwezi wa tano

Wiki mbili sijapigwa. Niliunguza foronya leo na sikuificha. Mapigo 54. Mpole.

Jumanne, tarehe 6

Nilitumwa kliniki kuchukua vidonge vyekundu. Nesi alikuwepo. Akaomba daftari, akalisoma akiwa amesimama, akarudia ukurasa mmoja, halafu akakaa.

"Nani alipunguza kidonge?"

Nikamwonyesha ile namba.

"Wewe si wa pale kwa dobi? Mnaofua sare zetu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Mteja akikosa nguo zake hufanyaje?"

"Anagonga kaunta."

"Asipopewa?"

"Anagonga zaidi."

"Basi. Ndani ya kichwa, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama harage. Hiyo ndiyo mteja. Ikiona homoni ya shingoni imepungua kwenye damu, inagonga. Hii 41 si dawa iliyozidi. Ni kugonga kaunta. Nguo zenyewe ni huu mstari wa chini, wenye mshale wa chini. Nguo hakuna! Shangazi yako hana tezi tena, homoni yake yote inatoka kwenye kidonge. Mkimpa cha kutosha, mstari wa chini unapanda, mteja anatulia, na hii ya juu inashuka yenyewe. Nyinyi mmesikia mteja anapiga kelele mkafunga duka."

Nilitaka kusema kitu. Akaendelea.

"Na hapa umeandika chai ya maziwa kila siku, na hivi vyekundu juu yake. Vinaizuia dawa isiingie. Ndiyo maana hata kile kizima kilikuwa hakimtoshi. Kidonge kizima, alfajiri, tumbo tupu, maji matupu. Chai baada ya saa nzima. Vyekundu mchana, baada ya masaa manne. Na umlete wiki hii hii. Dawa hii haina haraka, ikipungua mtu haanguki siku hiyo, anazama kidogo kidogo. Lakini chini kuna sakafu, na watu hufa hapo. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Na kweli nilielewa. Nilirudi kwenye mvua nikiyarudia njiani, kizima, alfajiri, maji, ili nisisahau.

Nilipofika, Shangazi alikuwa amelala kwenye kiti. Mkono wake ulikuwa wazi mapajani, hauna kitu. Binamu kaunta anachekea simu. Redio anaimba. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele ndani ya nyumba ile. Nilisimama mlangoni natona maji, nikausikiliza utulivu ule.

Nikasema moyoni, kesho.

Jumatano, tarehe 7

Sijasema. Leo ilikuwa siku ya kuacha. Mapigo 52.

Alhamisi, tarehe 8

Sijasema. Nusu kidonge, chai ya maziwa.

Jumamosi, tarehe 10

Sijasema. Mvua imenyesha tangu alfajiri. Mapigo 52. Mpole sana.

Jumatatu, tarehe 12

Binamu amemhamishia mama yake chumba cha nyuma, kwenye nguo chafu, eti wateja wanaogopa ule uso. Sasa anamwita Gunia. "Gunia limekula? Lisogezeni basi, nifagie." Redio anaigiza ile sauti nzito, anavuta maneno, "Buuu-buuu, leeete maaji," na Binamu anashika mbavu.

Shangazi anasikia. Nimemwangalia vizuri, anasikia. Ila ukimuuliza neno wakati wa chai, jibu linakuja mchana, na wakati huo hakuna anayekumbuka swali. Leo saa saba alisema peke yake, "Mimi si gunia." Binamu alikuwa ameshaenda sokoni.

Nilidhani ningefurahi zaidi.

Sijasema.

Alhamisi, tarehe 15

Niandike hili pia. Aliniomba blanketi. Lilikuwa kwenye kamba, hatua mbili. Aliomba mara tatu, kila mara anapumzika katikati ya neno. Nikamwambia, "Ngoja, naenda chooni mara moja."

Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango, naiangalia saa ya ukutani kwenye upenyo. Dakika moja. Tano. Ishirini. Nilipoingia alikuwa bado amenyoosha mkono, uko vile vile hewani. Hakuwa ameushusha.

Nikampa blanketi. Akasema, "Asante, baba."

Mapigo 48. Sijasema.

Jumapili, tarehe 18

Ana kikohozi. Nyusi zake zimenyonyoka kwa pembeni, nywele ziko kwenye mto. Hali chakula. Nilimwambia Binamu, "Dada, twende naye kliniki." Akasema, "Leo Jumapili, na mashuka haya utayakausha na mdomo?" Sikuongeza neno. Lilikuwa limebaki moja tu la kusema, na nilikuwa nalo.

Mapigo 47.

Jumanne, tarehe 20

Naandika nikiwa kwenye benchi la wodi.

Asubuhi nilimpelekea chai. Alikuwa amekaa kati ya marobota ya nguo, macho wazi. Nikamshika mkono kuhesabu. Ulikuwa baridi kama shuka lililolala nje. Nilihesabu dakika nzima nikapata 40, nikahesabu tena, 39. Nikamwita, "Shangazi." Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kaka, mtoto umemwacha wapi?" Kaka yake ni baba yangu. Alikufa sijazaliwa. Halafu macho yakafumba, nikamtikisa, hayakufumbuka.

Nikapiga kelele. Mimi. Redio alikuja mbio akidhani nyumba inaungua.

Teksi hazikuingia mtaani kwa matope. Tukamlaza kwenye mkokoteni wa kupelekea nguo, juu ya mashuka ya wageni, tukamfunika na lile plastiki la kufunikia mizigo. Redio akavuta, mimi nikasukuma. Binamu alikuwa nyuma na mwavuli, anasema, "Polepole, ataanguka," halafu, "Fanyeni haraka, watu wanatuangalia." Mlimani gurudumu lilizama. Redio akasema, "Mama huyu, siku zote alikuwa anatupanda kichwani, leo kaamua kutupanda mgongoni." Nilimwambia anyamaze. Akanyamaza! Tukasukuma. Plastiki lilikuwa linapumua juu ya mdomo wake, taratibu mno, na kati ya pumzi na pumzi nilikuwa naahidi vitu.

Wakamchukua ndani, wakamfunika, wakamweka dripu mkononi na dawa wakamtia humo humo, kwa sababu hawezi kumeza. Nesi alitoka, akaniona.

"Wewe si ndiye niliyekueleza?"

Binamu alikuwa pembeni yangu anakamua gauni.

"Si nilikueleza, wiki mbili zilizopita? Ukasema umeelewa?"

Maneno yote yalirudi tumboni. Nesi alisubiri. Halafu akasema polepole, kwa namna ambayo hanga ni afadhali, "Kumbe ulielewa." Akaingia.

Binamu aliliachia gauni. Alinitazama, akatabasamu kama mtu aliyeokota kitu barabarani na hakuna aliyemwona.

Jumamosi, tarehe 24

Tumerudi naye nyumbani. Anameza. Kidonge chenyewe watakipandisha hatua kwa hatua, kwa sababu moyo uliozoea kwenda taratibu ukiushtua unaweza kukatika. Damu ipimwe baada ya wiki sita. Kabla ya hapo mwili unakuwa haujatulia, namba itadanganya.

Kidonge: saa kumi na mbili alfajiri, maji matupu. Chai: saa moja na nusu. Vyekundu: mchana. Mapigo 54.

Jumapili, tarehe 1 mwezi wa sita

Napiga pasi nguo za Binamu kila siku kabla ya za wateja, na nafagia sehemu yake. Nikichelewa anasema, "Nimwambie mama?" Leo nilimjibu, "Wewe mwenyewe hukutaka kumpeleka." Akasema, "Mimi sikujua. Wewe ulijua. Tuone atamla nani." Halafu akainama karibu, "Ila usiniangalie hivyo, Bubu. Na mimi nilikuwa nimepumzika."

Mapigo 58.

Jumatatu, tarehe 9

Kizima. Maji. Amevua sweta moja. Mapigo 62.

Jumanne, tarehe 17

Ameuliza nani alimhamishia chumba cha nyuma. Amebeba kiti mwenyewe mpaka kaunta. Redio ameacha kuigiza. Mapigo 66.

Alhamisi, tarehe 26

Leo kamba ilikatika, mashuka yakaanguka kwenye tope. Shangazi akasimama, akanizaba kofi, moja, safi. Sikio bado linaimba.

Mkono una joto. Jambo la kwanza nililofikiri ni hilo. La pili, kwamba dawa inaingia. La tatu lilikuja mchana nikiwa kwenye pasi. Najua sasa jinsi ya kumfanya mpole. Chai ya maziwa saa kumi na mbili na nusu badala ya saa moja na nusu. Kidonge chekundu kwenye kiganja kile kile. Hakuna atakayeona, na miezi miwili haitafika kabla hajalegea tena.

Sitafanya. Ila najua, na kila alfajiri nakaa mbele yake na glasi ya maji huku najua.

Mapigo 70. Mkali.

Jumatano, tarehe 2 mwezi wa saba

Ametolewa damu. Mvua inakatikakatika.

Jumapili, tarehe 6

Majibu yalikuja jana, nimeyasoma mimi. Namba ya juu imeshuka kutoka 41 mpaka 9. Ya chini imepanda, mshale wake haupo tena. Shangazi hakuelewa kwa nini kushuka ni kuzuri. Nikamweleza habari ya mteja na kaunta. Alisikiliza akiwa amekunja uso, halafu akasema, "Kwa hiyo siku ile namba imepanda, mimi nilikuwa nalia njaa, na nyinyi mkaninyang'anya sahani."

"Ndiyo, Shangazi."

"Nani alikufundisha hayo ya kaunta?"

"Nesi."

"Lini?"

Kesho yeye na Binamu wanaenda kumwona daktari, na nesi atakuwepo. Binamu alikuwa mlangoni anapanga vibanio, amesimamisha masikio. Nilikuwa nimeshamshika Shangazi mkono wa kuhesabia, nikaendelea kuushika, nikamwambia yote. Tarehe sita. Kesho, kesho. Blanketi. Siku kumi na nne.

Mapigo hayakubadilika. 72, nilikuwa nahesabu.

"Siku kumi na nne," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ningekuacha mwezi."

Akaanza kucheka, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Akanishika kidevu kama mnunuzi anayekagua mbuzi. "Miaka yote hii nilidhani umetoka kwa yule mama yako wa chooni. Mtu wa kukimbia. Kumbe umetoka kwetu! Kumbe Bubu una meno!"

Akamwita Binamu, akamwambia arudi kwenye beseni afue na Redio, kaunta ni yangu kuanzia sasa. Binamu akaanza, "Mama, huyu alitaka kukuua..." Shangazi akamkata, "Na wewe uliniita gunia. Yeye angalau alifanya kazi."

Jumatatu, tarehe 7

Shangazi na Binamu wameondoka kwenda kliniki saa mbili. Kidonge kamezea maji mwenyewe, glasi kashika mwenyewe, hahitaji mkono wa mtu. Mapigo 72.

Nimefungua kaunta. Redio alichelewa, analalamika goti, na wateja walikuwa watatu. Nikamwambia, "Mzee, goti linauma lakini mdomo umeamka salama? Basi tembelea mdomo." Wateja wakacheka. Redio hakucheka. Alienda kwenye beseni, akakaa kimya asubuhi yote, na mimi nikaendelea kuandika tiketi, watu wananiangalia na maneno hayarudi tumboni tena. Yanatoka. Ni ya Shangazi yote, hata ile pumzi kabla ya neno la mwisho.

Nimemwambia Redio masharti ya kidonge mara mbili, endapo Shangazi atalegea tena. Alfajiri, tumbo tupu, maji. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Wa nini?" na hakuinua macho.

Saa sita watarudi. Daftari naliacha hapa kaunta, nesi asome. Nguo zangu ziko kwenye mfuko. Lazima niondoke sasa, kabla hawajaingia, kwa sababu jana Shangazi aliponishika kidevu akasema kumbe umetoka kwetu, nilifurahi.